Kitambaa Juu ya Seva Mpya

Mwaka aliofariki mke wangu ndio mwaka nilioambiwa nilinganishe seva mbili. Nayaandika pamoja kwa sababu yalinijia pamoja, wala si kwa sababu moja lilizaa jingine. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Alifia hospitali ya Dar es Salaam, mkononi mwa dada yake. Mimi nilikuwa gatini Malindi, huku Unguja, nikingoja boti ya asubuhi nimfuate. Alirejeshwa kwa boti hiyo hiyo ilipogeuza, tukamzika kwao Fumba, na watu wakanambia maneno mengi ya kheri ambayo niliyasikia moja moja na kuyajibu kama inavyopasa. Sikulia. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja umeme urudi, kisha nikaacha kungoja.

Arobaini ilipopita nilirejea kazini. Afisi yetu ilikuwa katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, kuta zake za mawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, na kila upepo ulipobadilika chokaa ilidondoka juu ya meza kama unga. Tulihifadhi hati za mkono: tungo, vitabu vya fikihi na vya tiba, barua za biashara, zilizotoka katika nyumba za mjini na za mashamba hadi Paje na Makunduchi. Kazi yangu hasa ilikuwa kuziweka nakala mbili za kitabu kimoja ubavu kwa ubavu, kuzisoma neno kwa neno, na kuandika kila mahali zinapotofautiana. Nilifunzwa na masheikh wa mjini kabla ya kufunzwa na vyuo vikuu, na kanuni ya kwanza waliyonipa ni kwamba nakala mbili hazilinganishwi mpaka zifunguliwe mahali pamoja. Mtu akiifungua moja mlango wa sala na nyingine mlango wa saumu, atakayoyaandika si tofauti za nakala bali ni uzembe wake.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mpole mwenye kupenda maneno mafupi. Aliniita asubuhi ya kwanza.

"Maalim, kazi yako wewe ni nini?"

"Kulinganisha nakala."

"Basi chini nnazo nakala mbili. Kaziangalie."

Chini palikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa ghala, na sasa kilikuwa na kiyoyozi, meza mbili na seva mbili. Seva, kwa msomaji asiyeijua, ni kompyuta iliyofanywa kuwatumikia wengi kwa pamoja: wasomaji wetu walikaa ghorofani kwenye kompyuta zao ndogo, wakauliza habari za hati, na jibu likatoka chini. Moja tulikuwa nayo kwa miaka kadhaa. Ndani yake zilikuwa prosesa mbili za kizazi kilichopita. Na prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu, ndiyo akili yenyewe. Ya pili ilikuwa imeletwa karibuni, zawadi ya chuo cha nchi za nje. Kwetu ilikuwa mpya, ingawa huko ilikotoka walikuwa wamekwisha kuistaafisha. Ilikuwa na prosesa moja tu, lakini kasi yake kwenye karatasi ilizidi mara mbili ya kila moja katika zile kongwe.

Umeme wa mjini siku zile ulikuja na kuondoka upendavyo, na betri ya akiba tuliyokuwa nayo iliweza kubeba mashine moja tu. Kwa hiyo iliyo bora ingebaki Unguja, na nyingine ingepelekwa tawi letu la Pemba, ambako hawakuwa na kitu.

"Na fundi?" nilimuuliza Mkurugenzi.

"Fundi anafuata mashine anayoijua," alisema, akatazama dirishani.

Ile mpya ingehudumiwa na kampuni ya Dar es Salaam, kwa mkataba uliokuja pamoja na zawadi. Fundi wetu aliijua kongwe. Kongwe ikishindwa, fundi angekwenda Pemba.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto pekee. Afisini tulimwita Bi Fundi, naye aliitikia. Aliishi Malindi, juu kabisa ya nyumba ya familia iliyobakia wao wawili tu, yeye na mama yake. Mama miguu ilikuwa haimchukui tena. Bi Fundi alimwogesha alfajiri kabla ya kuja kazini, alikwenda kumgeuza na kumlisha adhuhuri, na jioni alirudi kwake moja kwa moja. Majirani wangeweza kuleta chakula. Kumwogesha mtu mzima ni kazi ya mwana. Na kila mtu alijua kwamba bibi yule hateremki tena ngazi zile, kwa hiyo kumchukua Pemba halikuwa jambo la kuzungumzwa. Aliyeniambia hayo hakuwa yeye. Afisi nzima ilikuwa ikijua, na afisi nzima iliacha kuzungumza nilipopita.

Nilipoingia chumbani mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti nyuma ya kongwe, akipuliza vumbi kwa mdomo.

"Shikamoo, Maalim. Nshasikia. Mie siombi kitu. Pima tu."

"Marahaba. Nitapima."

"Lakini pima kwa haki."

"Kuna kupima kwengine?"

"Kupo. Kwa karatasi." Akasimama, akajipangusa magoti. "Kwa karatasi ile mpya nshashindwa nayo kabla hujakaa kitini. Lakini ile mpya, Maalim, ni mtu mmoja anayekimbia. Hii yangu ni watu wawili wanaotembea. Ukiwa na mzigo mmoja, mpe anayekimbia. Ukiwa na mizigo mingi, na wenye mizigo wote wanapiga kelele, hebu tuone."

Nilimwambia kwamba hilo lilikuwa swali zuri. Alisema hakuliuliza liwe zuri.

Kabla ya kuanza, ninapaswa kueleza habari ya kitambaa, kwa kuwa bila hicho hapana kisa. Katika nyumba zetu kila chombo cha umeme kina vazi lake. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, friji ina chake kikubwa chenye kuanguka pande zote. Si pambo tu. Ni kinga ya vumbi la chokaa, na ni heshima: chombo kilichoachwa wazi kinaonekana kama mgeni asiyepewa mkeka. Mke wangu alikuwa hodari wa kutarizi vitambaa hivyo. Aliviwekea bitana ndani, kwa sababu, alisema, vumbi la mji huu hupenya penye uzi mmoja. Dada zake walipokuja kugawa vitu vyake waliniachia kile cha friji, cheupe, chenye maua ya zambarau pembezoni. Nilikichukua afisini. Nyumbani nilikuwa nikikiona kila nilipofuata maji.

Bi Fundi alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama upande wa juu, akakigeuza akatazama upande wa ndani, kama wanavyofanya wanawake wanaojua sindano.

"Kazi ya nani?"

"Ya marehemu."

Akakitandika juu ya seva mpya, akakivuta kikaanguka nyuma na ubavuni, akanyoosha pembe.

"Kwa nini si hiyo yako?" nilimuuliza.

"Mgeni kwanza. Yangu ishazoea kukaa uchi."

Mkurugenzi alipopita alikisifu. Sote tuliona ni jambo la adabu.

Nilipanga majaribio matatu. La kwanza, kuitengeneza upya faharasa ya hati zote tokea alifu hadi ye. La pili, kutafuta neno moja katika maelezo yote. La tatu, kuwaweka wasomaji wote ghorofani, kila mmoja kwenye kompyuta yake, waulize kwa pamoja maswali tuliyowaandikia. Data ilikuwa moja, imenakiliwa kwa zote mbili. Saa ilikuwa ya asubuhi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Bi Fundi alikaa kwenye kibodi, mimi nikashika saa. Yeye alisema "Haya!" na baadaye "Basi!", nami nikaandika. Kila jaribio tulilirudia siku kadhaa, kwa sababu kipimo cha mara moja ni kama shahidi mmoja.

Nilikuwa nikiipenda kazi ile, kama neno kupenda lafaa. Haikunitaka niseme lolote. Palikuwa na kimya kati ya "Haya" na "Basi", na katika kimya kile sikutakiwa kuwa mtu aliyefiwa wala mtu asiyefiwa. Nilitazama mshale wa sekunde. Nilikuwa tayari kuutazama mpaka nistaafu.

Kongwe iliongoza. Katika faharasa zilikuwa karibu sawa. Katika kutafuta neno, kongwe ilitangulia kidogo. Na wasomaji walipouliza wote pamoja, iliiacha mpya mbali. Bi Fundi hakuonyesha furaha, lakini alianza kuleta visheti kwenye bakuli lenye kifuniko. Nilikula. Wengine walisema ni vitamu sana, na sina sababu ya kuwakadhibisha.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilipita Malindi kumwamkia mama yake, kwa kuwa hakuweza kuja kunipa pole na ilikuwa haki nimwendee. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba na za kusimama, na kamba imefungwa ukutani pa kushikia. Nilipiga hodi.

"Pita! Asiye na miguu haji kukufungulia."

Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, kibibi mdogo mwenye macho makali, kanga mpya mabegani, redio ubavuni pake imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Nshapoa."

"Hujapoa. Aliyepoa hukaa akaegemea. Wewe umekaa ukingoni kama mdai." Akamgeukia binti yake. "Mpe chai mwenzio. Mtilie tangawizi, damu yake imelala." Kisha kwangu tena: "Huyu aniambia mwazichezesha mashine huko afisini kama ng'ombe wa mchezo wa Pemba. Ipi yashinda?"

Niliposikia Pemba nilimtazama Bi Fundi, naye alikuwa akiitazama birika. Nikafahamu kwamba hakumwambia.

"Kongwe, Bi Mkubwa."

"Kongwe!" Akapiga paja lake. "Waona? Na nyie mwataka kila kitu kipya. Hata mimi mtu akinipa prosesi mbili nitamshinda huyu binti."

"Prosesa, mama."

"Hiyo hiyo. Wewe mimina chai."

Bi Fundi alinisindikiza mpaka chini. Mlangoni alisema, "Asante kwa kuja," na nikasema, "Si kitu," na hakuna kati yetu aliyelitaja lile tulilokuwa tukilifikiria.

Juma lililofuata nilikaa kuandika ripoti. Nilivipanga vipimo vyote katika jedwali na kuvisoma kama ninavyosoma nakala, safu kwa safu. Katika safu ya seva mpya palikuwa na siku moja isiyofanana na wenziwe. Siku ile, katika majaribio yote matatu, mpya ilikuwa imekwenda kwa kasi kubwa mno, ikaipita kongwe. Niliposhika saa siku hiyo sikuliona. Sikuwa nikiona mengi. Mtu mwingine angeiita kosa la mkono na kuipiga mstari. Nilifunzwa kinyume. Nakala inayopingana na zote huulizwa kwanza, haifutwi kwanza. Mara nyingi ndiyo peke yake iliyonakiliwa na mtu aliyekuwa macho.

Niliteremka chini na karatasi.

"Siku hii," nilimwambia, nikimwonyesha, "palikuwa na nini?"

Akafikiri. "Umeme ulikuwepo."

"Siku zote ulikuwepo. Ulipokatika hatukupima."

"Kiyoyozi kilikuwepo. Wasomaji ni wale wale." Akazitazama seva, moja baada ya nyingine. Kisha akasema polepole, "Siku ile kitambaa hakikuwepo. Nlikichukua kwetu kukifua. Kilikuwa kimeingia chokaa, nikaona si vyema, kitu cha marehemu kikae na uchafu. Nikakirudisha kesho yake."

Alifahamu kabla yangu. Nilimwona akifahamu. Akautia mkono chini ya kitambaa, juu ya mgongo wa ile mashine, akauacha pale.

"Weka mkono, Maalim."

Niliuweka. Palikuwa pa moto kama ubavu wa birika lililotoka jikoni sasa hivi. Nakumbuka joto lile vizuri kwa sababu siku zile nilihisi vitu vichache.

"Matundu yake ya kupumulia yako nyuma na juu," alisema. "Kitambaa kimeyaziba yote, na hiki kina bitana. Hizi prosesa za sasa zina tabia hiyo, nlisoma, sikuwahi kuiona. Zikipata joto hazizimi. Hazitoi kelele. Hazikuambii kitu. Zinapunguza mwendo tu, ili zisiungue, na wewe wafikiri ndivyo zilivyo."

Niliuondoa mkono. Nikamuuliza, "Na kongwe?"

"Kongwe haijui kujipunguza. Ikipata joto huenda vile vile mpaka ife." Akakiondoa kitambaa. Alikikunja mara mbili, kisha mara mbili tena, akanikabidhi. "Tupime upya."

"Leo?"

"Leo. Kabla sijafikiri."

Tulipima. Alikaa kwenye kibodi akasema "Haya!" kwa sauti ile ile, na "Basi!" kwa sauti ile ile. Mpya ilimaliza faharasa kongwe ikiwa haijafika kati. Katika kutafuta neno haikuwa na mshindani. Wasomaji walipouliza kwa pamoja, kongwe ilijitahidi, wale wawili wanaotembea walibeba mizigo kwa kadiri ya nguvu zao, lakini hawakuwahi. Tulirudia kesho yake na kesho kutwa. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, nilijaribu na kiyoyozi kikiwa kimezimwa na madirisha yamefungwa, kwa kuwa hali hiyo huwapo umeme unapokatika na mashine ikabaki na betri. Mpya ilipunguza mwendo kidogo, na bado ikaongoza. Nilijaribu tena mchana wa jua kali. Ikaongoza. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nilitafuta mlango kwa ajili ya Bi Fundi, kwa njia zote ambazo ni za haki, na sikuupata.

Ripoti niliiandika kwa mkono, kurasa tatu. Nilieleza vipimo vya kwanza, nikaeleza kitambaa, nikaeleza vipimo vya pili. Aliyekuwa akichapa ripoti zote za afisi ni yeye. Nilifikiri kumpa mtu mwingine, lakini kumnyima ingekuwa kama kumshuku, basi nikampelekea. Alizichapa mbele yangu, akazitoa kwenye printa, akazipanga. Hakubadilisha herufi. Jambo moja tu aliliuliza.

"Hapa umeandika kwamba sababu iligunduliwa na fundi. Litoe."

"Ni kweli."

"Kweli, lakini mie ndiye nnayekwenda Pemba. Nitaonekana nnajisifu."

Nililitoa. Nalirudisha leo.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. Alipofika penye kitambaa alicheka, kisha akaendelea kusoma na kicheko kikamwisha.

"Maalim, ungenyamaza nani angejua?"

"Hapana mtu."

"Fundi mwenyewe angenyamaza."

"Hakunyamaza."

Akaiweka ripoti mezani akaisawazisha na ukingo wa meza. Alisema atajaribu kuuliza kama fundi mwingine anaweza kupatikana wa Pemba. Aliuliza, nina hakika, kwa sababu kwa siku nyingi hakuweza kumtazama Bi Fundi usoni, na mtu ambaye hakujaribu huwa hana haya kiasi hicho. Hakupatikana. Ikaamuliwa aondoke na mashine baada ya Idi.

Mwezi wote wa Ramadhani Bi Fundi hakumwambia mama yake. Alikuja kazini, akaondoka mapema kwenda kupika futari, na siku moja moja nilimwona amesimama chumbani kati ya mashine mbili bila ya kufanya kitu. Sikumfariji. Ningependa kuandika kwamba nilishindwa na maneno, lakini maneno nilikuwa nayo, yale yale niliyoambiwa mimi, na nilijua uzito wake.

Siku ya nne ya Idi alichelewa. Alipoingia alikaa bila ya kuvua buibui.

"Nshamwambia."

"Kasemaje?"

"Kaniuliza boti inaondoka saa ngapi."

Sikufahamu, nikamwomba arudie. Akarudia neno kwa neno, akaongeza: "Nikamwambia, mama, wewe huwezi. Akasema, wewe na nani mmepima?"

Siku ya safari nilikwenda gatini Malindi asubuhi. Gati ni ile ile. Niliona ubao wa saa za boti niliokuwa nimesimama karibu nao miezi ile iliyopita, na nikapita. Seva kongwe ililetwa kwa mkokoteni, imefungwa blanketi na kamba. Nilikuwa nimekuja na kile kitambaa. Nikamuuliza Bi Fundi kama kitadhuru.

"Imezimwa," alisema. "Sasa kifunike tu."

Tukaitandikia pamoja, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, tukakibana chini ya kamba kisipeperuke.

Ndipo mama yake alipotokea katika kichochoro, amekaa juu ya kiti cha mbao, amebebwa na wachukuzi wawili wa bandari, buibui limemkaa vizuri, redio mapajani. Walikuwa wamemteremsha ngazi zote zile hatua kwa hatua, na mashati yao yalikuwa yamerowa.

"Taratibu nyie! Mashine mwaivisha kitambaa cha harusi, mie mwanipakia kama gunia la karafuu."

"Bi Mkubwa, mashine haikututukana njiani," alisema mchukuzi wa mbele.

"Kwa sababu haina akili. Inua hapo! Huko nyuma umelala?"

"Nnalala na wewe mgongoni?"

"Shika adabu yako. Mimi nilimwosha mama yako alipokuzaa."

Wote wawili walicheka, na kiti kikayumba, na Bi Fundi akaruka kukishika. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba bahari si nzuri kwa mtu mwenye moyo kama ule, naye alikuwa na mfuko wa dawa umefungwa kifundoni mwa mkono usimpotee.

Waliweka kiti chini karibu nami ili wapumzike.

"Ndiye wewe," mama yake aliniambia, "uliyesema ile mpya ndiyo mshindi?"

"Ndimi, Bi Mkubwa."

"Na kweli ndiyo?"

"Kweli."

"Haya." Akayatazama maji, boti, watu, magunia, kama mtu anayekagua nyumba aliyoipangisha. "Miaka yote hii wasema sishuki ngazi. Mie sikushuka kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mume wangu yuko makaburini, soko laletwa juu, jamaa wamekwisha. Nishuke nikafanye nini? Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi, niliyekunywa chai yake nikiwa na swali lile kooni.

"Na wewe," alisema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "kaa uegemee."

Wakamwinua. Mkokoteni ulitangulia, kiti kikafuata, na Bi Fundi nyuma yao akiwa na mkono mmoja mgongoni mwa kiti. Kwenye daraja la boti aligeuka akaniambia, "Ile mpya isifunikwe, Maalim. Waambie." Nikamwambia nitawaambia. Niliwaambia. Walibandika karatasi ukutani, na kwa miezi mingi kila mgeni aliyeingia chumbani aliona aibu kwa niaba yetu kwamba tumeiacha mashine nzuri kiasi kile bila ya kitu juu yake.

Bi Fundi alipiga simu juma la pili. Kongwe ilikuwa imewashwa na tawi la Pemba lilikuwa na wasomaji watatu, ambao haikuwaona mzigo.

"Na Bi Mkubwa?"

"Analalamika."

"Moyo?"

"Ngazi. Nyumba ya huku haina ngazi, asema haina heshima, kila mpita njia amchungulia." Kisha akasema, "Maalim, kile kitambaa kakichukua yeye. Kakitandika juu ya redio yake, kikubwa mno kwake, chafika mpaka sakafuni. Nikirejeshe?"

"Kiache."

"Kweli?"

"Kiache kwake."

Jioni ile nilirudi nyumbani nikaenda kufuata maji. Juu ya friji, mahali kilipokuwa kitambaa, palikuwa pameingia chokaa ya miezi yote ile, na mimi nilikuwa nimeipita kila siku. Nilitafuta dasta nikapafuta. Rangi ya chini ilikuwa nyeupe kuliko ubavuni, safi kabisa, kwa kuwa miaka mingi haikuonekana. Sikuwa na cha kuweka pale. Nilipaacha wazi, nikanywa maji yangu, nikaenda kukaa kwenye kiti.